Tupime Mabomba ya Dawa Kabla ya Vuli



Mwezi huu nataka kusema nanyi juu ya jambo linaloonekana dogo, lakini hasara yake si ndogo hata kidogo. Ni jambo la mabomba ya kupigia dawa, yale tunayobeba mgongoni tukienda kupigana na wadudu na magugu. Maoni yangu ni haya: bomba lolote la kikundi lisitoke ghalani kwenda shambani mpaka limefunguliwa, limesafishwa, limepimwa kwa maji matupu, na vipimo vyake vimeandikwa katika daftari. Na kazi hii ifanywe mara mbili kila mwaka, kabla ya vuli na kabla ya masika, bila kumwogopa wala kumpendelea mtu.

Najua wengine watauliza, "Karani huyu ana habari gani za shamba?" Swali hilo ni la haki. Mimi si Bwana Shamba. Nilisomea ualimu, kisha nikaingia katika kazi ya ofisi ya kilimo, na kila siku nashika kalamu kuliko jembe. Lakini karani huona jambo moja ambalo wengine hawalioni kwa urahisi. Mkulima huona shamba lake na hasara yake. Karani huona majina mengi katika ukurasa mmoja, na hasara nyingi zinazofanana, na akitazama vizuri hugundua kuwa zote zilipita katika mlango mmoja. Mlango huo mara nyingi ni bomba bovu.

Mtu aliyeangalia michezo ya Olimpiki katika televisheni huenda ameona mashindano ya kulenga shabaha kwa bunduki ya upepo. Bunduki hiyo haitumii baruti. Upepo uliobanwa ndani yake ndio unaosukuma risasi ndogo ya milimita 4.5, na shabaha huwekwa mita 10 mbele ya mpigaji. Walengaji hao hawaiamini bunduki kwa sababu tu ilipiga vizuri mwaka jana. Huisafisha, huangalia mahali upepo unapoweza kuvuja, kisha hupiga risasi kadhaa katika karatasi na kutazama matundu yameanguka mbali gani na kitovu. Na mwenye bunduki nyingi huzijaribu moja moja, maana hata mbili zilizotoka kiwanda kimoja hazipigi sawasawa.

Sisemi tununue bunduki. Nyani na ndovu wanaotusumbua wanalindwa na sheria ya wanyamapori ya 2013, na dawa yao ni nyingine. Nasema tuige desturi ile ya kujaribu chombo kabla ya kukitegemea. Maana bomba la dawa nalo ni chombo cha upepo. Ukipiga mpini wake juu na chini, upepo hubanwa katika chumba kidogo cha ndani, na upepo huo ndio unaosukuma dawa katika mpira, mpaka kwenye fimbo, mpaka ikatoka kwenye nozeli. Washa ikikauka, upepo huvuja. Tundu la nozeli likipanuka, dawa humwagika badala ya kunyunyiza. Mlengaji akikosa shabaha hupoteza alama. Mkulima akikosa shabaha hupoteza chakula cha miezi sita, na huenda akapoteza afya yake.

Nitawaeleza lililonifundisha mimi. Miaka kadhaa iliyopita nilikuwa naandika daftari ya vyombo vya kikundi fulani cha wakulima. Kulikuwa na mabomba sita. Mwisho wa masika yalirudishwa, nami nikayahesabu, nikaandika mbele ya kila moja neno "zima". Sikulifungua hata moja. Sikuuliza lilikuwa na dawa gani mara ya mwisho. Nilihesabu tu kama mtu anayehesabu viti vya arusi.

Vuli ilipokuja, mama mmoja aliazima bomba mojawapo kwenda kupiga dawa ya wadudu katika pojo zake. Pojo zilikuwa nzuri, zimeanza kutoa maua. Baada ya siku chache majani yalianza kujikunja, vikonyo vikapinda kama mtu aliyevikamua kwa mkono, na maua yakaanguka. Mama yule alidhani ni ugonjwa. Bwana Shamba alipokuja alitazama kidogo tu, kisha akauliza bomba limetoka wapi. Ikajulikana kwamba aliyelitumia kabla yake alipiga dawa ya kuua magugu ya majani mapana katika mahindi, ile iitwayo 2,4-D. Dawa hiyo haiyadhuru mahindi ikipigwa kwa wakati wake na kwa kipimo chake, lakini pojo, kunde na mbaazi zina majani mapana kama magugu yenyewe, na mabaki kidogo tu ndani ya bomba hutosha kuziharibu.

Mama yule hakunilaumu. Alisema ni bahati mbaya. Lakini mimi nilirudi ofisini nikafungua daftari, nikaona neno "zima" kwa mwandiko wangu mwenyewe. Hapakuwa na bahati mbaya hapo. Palikuwa na karani aliyeandika asilolijua. Wazee walisema mali bila daftari hupotea bila habari. Mimi nimejifunza kwamba hata yenye daftari hupotea, ikiwa daftari inasema uongo.

Sasa tufikiri juu ya hali yetu sisi wa skimu. Katika mashamba makubwa ya mkonge huko Voi na Mwatate, kila mashine ina fundi wake, na kila fundi ana msimamizi wake. Kwetu sivyo. Kila mtu ni msimamizi wa shamba lake, na hiyo ndiyo heshima ya kuwa na ardhi yako. Lakini bomba la kikundi halina fundi wala msimamizi. Leo liko kwangu, kesho liko kwako, keshokutwa mtoto amelichotea maji ya kuku. Kila mmoja hudhani mwenzake ameliosha. Kwa sababu hakuna wa kutuamrisha, hatuna budi kujiamrisha wenyewe.

Kazi yenyewe si ngumu. Wakati wake mzuri ni Septemba au mwanzo wa Oktoba, kabla ya mvua za vuli, maana huku kwetu nyanda za chini ya Sagalla vuli ndiyo mvua tunayoitegemea zaidi. Kisha irudiwe Februari kabla ya masika. Wanakikundi wakutane siku moja asubuhi, mahali penye maji, mbali na kisima na mbali na watoto. Wawe na ndoo safi, sabuni, kikombe chenye alama za mililita, saa, kamba ya kupimia mita 10, na vipuri vichache. Mwenye kushika mabomba avae glavu na viatu vya mpira, maana bomba kuukuu huwa na sumu hata likionekana kavu.

Kwanza ni kuosha. Kila bomba lisuguliwe kwa maji ya sabuni ndani na nje, na maji hayo yapitishwe katika mpira na fimbo mpaka yatoke kwenye nozeli. Lirudiwe mara tatu. Maji hayo yasimwagwe mtoni wala karibu na bwawa. Bomba lililotumika kwa dawa ya magugu lisiaminiwe kwa mazao mengine hata baada ya kuoshwa. Njia iliyo bora ni kikundi kutenga bomba moja au mawili kwa magugu tu, na kuyapaka rangi nyekundu mkandani na kwenye kifuniko, ili hata asiyejua kusoma alitambue.

Pili ni kufungua na kutazama. Machujio yatolewe yote, la mdomoni na lile lililo katika mpini, yaoshwe mchanga. Washa ya ngozi ikiwa imekauka itiwe mafuta ilainike. Ya mpira ikiwa imepasuka ibadilishwe, wala isifungwe uzi. Mpira wa kupitisha dawa ukunjwe kidogo kwa vidole. Ukionyesha nyufa, umekwisha. Mikanda ya begani nayo itazamwe, maana bomba la lita 20 likijaa ni zaidi ya kilo 20, na mkanda ukikatika katikati ya shamba sumu hummwagikia mtu.

Tatu ni kujaribu kuvuja. Bomba lijazwe maji matupu, mtu alibebe mgongoni, apige mpini mpaka upepo ujae, kisha asimame kidogo bila kufungua kibanio. Wenzake wapitishe mkono mkavu kwenye kila kiungo. Halafu atembee, ainame, ainuke kama mtu aliye kazini. Shati la mgongoni likilowa, bomba hilo lina ugonjwa. Leo ni maji. Siku ya kazi itakuwa sumu, nayo huingia katika mwili kwa njia ya ngozi bila kuuliza. Wengi wanaolalamika kichwa, kizunguzungu na kutapika baada ya kupiga dawa, hawakuinywa. Imewalowesha. Na likitokea hilo, mtu avue nguo, aoge kwa sabuni, apelekwe hospitali upesi pamoja na karatasi ya dawa, ili daktari ajue amepatwa na nini.

Nne ni nozeli, na hapo ndipo shabaha ilipo. Nozeli ina tundu dogo sana lililotengenezwa kwa kipimo. Mchanga na dawa za unga hulisugua msimu baada ya msimu, likapanuka, na macho hayawezi kuona. Kwa hiyo tupime. Mtu apige mpini kwa mwendo ule ule, mwingine akinge maji katika kikombe kwa dakika moja kamili. Ifanywe mara tatu. Kisha ifungwe nozeli mpya ya aina ile ile na ipimwe vivyo hivyo. Ikiwa ile kuukuu inatoa zaidi ya mpya kwa sehemu 10 katika 100, itupwe. Kwa mfano, mpya ikitoa mililita 800 kwa dakika, na kuukuu ikatoa zaidi ya 880, basi kazi yake imekwisha. Baada ya hapo, inyunyize juu ya ukuta mkavu au sakafu ya simiti. Alama ya maji ikiwa imeenea sawasawa, vizuri. Ikiwa upande mmoja una maji mengi na upande mwingine umebaki mkavu, nozeli imeziba au imeharibika. Nozeli iliyoziba husafishwa kwa maji na brashi laini. Isichokorwe kwa sindano wala waya, maana ndiyo njia ya kuliharibu tundu. Na kamwe isipulizwe kwa mdomo.

Tano ni kumpima mtu pamoja na bomba lake, nami naomba msome hapa polepole, maana ndipo penye fedha zenu. Pimeni kwa kamba mraba wa mita 10 kwa mita 10. Jazeni maji bombani mpaka kwenye alama mnayoijua. Mkulima aupige mraba huo wote kwa mwendo wake wa siku zote. Kisha rudisheni maji kwa kikombe mpaka ile alama, mkihesabu mmerudisha lita ngapi. Ekari moja ina miraba kama 40 ya namna hiyo. Zidisheni kwa 40, mtajua mtu huyo kwa bomba hilo anatumia maji kiasi gani katika ekari.

Tuseme baba mmoja ana miguu myepesi, naye ametumia lita 3. Mara 40 ni lita 120, yaani mabomba 6 ya lita 20. Jirani yake huenda polepole, naye ametumia lita 5. Mara 40 ni lita 200, yaani mabomba 10. Sasa tuseme karatasi ya dawa inataka mililita 240 kwa ekari. Wa kwanza atie mililita 40 katika kila bomba. Wa pili atie 24 tu. Lakini tunafanyaje sisi? Twauliza, "Unatia vifuniko vingapi?" kisha twaigana. Jirani akimwiga mwenziwe na kutia 40, ekari yake itapata mililita 400. Amepoteza mililita 160 za dawa aliyoinunua, na huenda ameunguza mazao. Na yule wa kwanza akimwiga jirani na kutia 24, ekari yake itapata 144 tu. Wadudu watalewa kidogo, kisha wataamka, na walio na nguvu ndio watakaozaa. Wote wawili watakwenda dukani kusema dawa ni bandia. Mara nyingine ni bandia kweli. Lakini mara nyingi dawa haina kosa.

Karatasi nyingine hazisemi kwa ekari, husema tia kiasi fulani katika lita 20 za maji. Hata hapo kipimo hiki kina faida. Anayetumia mabomba 10 mahali ambapo mwenziwe anatumia 6 anamwaga dawa nyingi kupita, na ni heri ajue hivyo kabla ya kununua chupa. Hesabu nilizotoa ni za mfano tu. Kila mtu asome karatasi ya chupa yake, aone kama ina herufi PCPB na namba ya kuandikishwa na serikali, na atazame rangi ya mstari wa chini. Nyekundu ni sumu kali sana. Kisha njano, kisha buluu, kisha kijani. Asiyeweza kusoma amwite mtoto wa shule. Kuuliza si ujinga.

Sita ni kuandika. Kila bomba lipakwe namba, na kila namba iwe na ukurasa wake katika daftari. Katika ukurasa iandikwe tarehe ya kupimwa, mililita kwa dakika, lita kwa mraba, kilichobadilishwa, jina la aliyelitumia mwisho, na dawa aliyoitumia. Neno "zima" lisiandikwe tena. Iandikwe namba. Namba haimwonei haya mtu.

Sasa nataka kujibu maneno ninayoyasikia barazani.

Wapo wasemao, "Bomba letu ni jipya." Jipya nalo lipimwe. Huenda limefungwa vibaya, huenda nozeli yake ni ya magugu na wewe unataka ya wadudu. Na hata likiwa zuri kabisa, usipolipima leo hutakuwa na kipimo cha kulinganisha litakapozeeka.

Wapo wasemao, "Hatuna wakati." Kikundi chenye mabomba sita kitamaliza kazi hii kwa asubuhi moja. Viwavijeshi vamizi, waliothibitishwa kuingia Kenya 2017, hawakupi asubuhi ya kutengeneza bomba wakishaingia katika mahindi. Kiwavi mdogo hufa kwa urahisi. Akishakua na kujificha ndani ya kitovu cha mhindi, dawa haimfikii. Mtu ambaye bomba lake limeziba siku hiyo atazunguka kijiji kizima akitafuta washa, na akirudi mahindi yamekwisha kutobolewa.

Wapo wasemao, "Kuzidisha dawa ni kujihakikishia." Haya ndiyo maneno yanayonitisha kuliko yote. Dawa si mbolea ya ng'ombe. Inayozidi hubaki katika majani tunayochuma kwa mboga, hubaki katika udongo, huingia katika bwawa tunalonyweshea mbuzi. Kunde huchumwa majani yake na kuliwa mchana ule ule. Kama dawa ilipigwa kupita kiasi, au siku za kungoja zilizoandikwa katika karatasi hazijaisha, watoto wetu ndio wanaoila.

Na wapo wasemao, "Hiyo ni kazi ya Bwana Shamba." Bwana Shamba atakuja kuonyesha mkimwita, nanyi mna haki ya kumwita. Lakini Bwana Shamba hawezi kulala katika ghala la kila kikundi. Na kipimo cha mwendo wa miguu yako hawezi kukipata akiwa ofisini.

Liko jambo jingine ambalo sisi wa Sagalla hatuwezi kulinyamazia. Watu wa mbali wametusikia kwa sababu ya nyuki. Hapa chini ya mlima, karibu na mbuga ya Tsavo Mashariki, kwa zaidi ya miaka 10 wakulima wetu wamekuwa wakizungushia mashamba ua wa mizinga. Mizinga huning'inizwa kila mita 10 na kuunganishwa kwa waya. Ndovu akigusa waya, mizinga hutikisika, nyuki hutoka, naye hugeuka. Mradi huo wa ndovu na nyuki ulianzishwa na Dakta Lucy King, na sasa umeigwa katika nchi nyingi za Afrika na Asia. Asali yake nayo ni fedha.

Basi fikirini: nyuki hao wanakula wapi? Katika maua ya kunde, pojo na alizeti zetu wenyewe. Anayepiga dawa saa sita mchana maua yakiwa wazi anawaua askari wake. Na nozeli mbovu, au bomba linalopigwa upepo kupita kiasi, hutoa ukungu mwembamba unaochukuliwa na upepo mpaka kwenye mizinga ya jirani. Jirani huyo ataamka akute nyuki wamekufa chini ya mzinga, na usiku mmoja ndovu atapita mahali pale bila kizuizi. Hataishia kwa jirani. Atafika kwako. Kwa hiyo dawa ipigwe jioni nyuki wakisharudi nyumbani, upepo ukitulia, kwa nozeli iliyopimwa, na pale tu wadudu wamezidi. Mtu akikagua shamba lake kila asubuhi, mara nyingi ataona haina haja ya kupiga dawa kabisa.

Neno la mwisho ni juu ya gharama. Bei ya nozeli moja na washa chache haifikii bei ya chupa ya dawa tunayoipoteza kwa bomba linalovuja. Napendekeza kila kikundi kitenge sehemu ndogo ya mchango wa mwezi kununua vipuri, na viwekwe katika mkebe uliofungwa pamoja na daftari. Mwisho wa msimu mabomba yaoshwe, yamwagwe maji yote, yainamishwe mdomo chini, kibanio kikiwa wazi, yawekwe kivulini mahali pasipofikiwa na watoto wala chakula. Jua la Voi hukausha mpira na plastiki upesi sana.

Yule mama wa pojo alipanda tena msimu uliofuata. Siku hizi, mtu akija kuazima bomba katika kikundi chao, yeye ndiye aliyeshika daftari. Hakuna anayempita bila kuonyeshwa ukurasa. Nilipopita siku moja nilimwambia, "Mama, wewe ni mkali kuliko serikali." Akanijibu kwamba yeye si mkali, anajua tu bei ya pojo. Kisha akanigeuzia daftari nitie sahihi, kwa kuwa nami nilikuwa nimekuja kuazima.

Nilitia sahihi, na kabla ya kutia nilisoma. Nawaomba nanyi mfanye vivyo hivyo. Vuli haiko mbali. Itisheni mkutano wiki hii, chagueni siku, leteni mabomba yote, hata yale yaliyokaa kwa mwenyekiti. Na mkishapima, andikeni.